Vipimo vya Programu Visiwe vya Kukariri

Mkulima wa Bukoba au Muleba anayepeleka kahawa ya maganda kwenye chama cha msingi anajua kwamba mizani peke yake haitoshi. Kilo hamsini za kahawa iliyochumwa ikiwa mbichi ni kilo hamsini, lakini si mali. Hatuoni sababu ya mwanafunzi wa chuo kikuu anayesomea uhandisi wa programu za kompyuta kufundishwa pungufu ya hayo.

Kipimo cha kwanza anachokutana nacho ni idadi ya mistari ya programu, ambayo ni mizani ya kilo tu. Mwaka 1976 Thomas McCabe wa Marekani alionyesha namna ya kuhesabu njia ambazo programu inaweza kufuata kila inapofika penye uamuzi. Njia zikizidi, majaribio nayo hayana budi kuzidi. Mwaka 1979 Allan Albrecht wa IBM alipendekeza ipimwe kazi ambayo programu inamfanyia mtumiaji, wala si urefu wake. Kuzikariri kanuni hizo kwa ajili ya mtihani ni rahisi. Kujua ni lini kipimo kinadanganya ndiyo elimu yenyewe.

Mwalimu wa Kibeta anayejaza kazi zake katika mfumo wa PEPMIS atatuelewa upesi. Akipimwa kwa idadi ya madaftari aliyosahihisha, atasahihisha mengi haraka haraka. Mwandishi wa programu anayepimwa kwa mistari naye ataandika mirefu.

Taifa hili limekwisha kulipa gharama ya jambo hili. Hazina ilianza kutumia kompyuta mwaka 1965, lakini mpango wa kuhamishia hesabu za Serikali kwenye mashine ulikwama vibaya, na mwaka 1974 Serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Leo mishahara na mapato ya umma hupitia humo humo.

Kwa hiyo tunawataka wahadhiri wawape wanafunzi programu zinazotumika kweli, za halmashauri au za vyama vya ushirika. Wazipime, watabiri ni wapi zitaharibika, kisha warudi baada ya miezi sita walinganishe utabiri wao na makosa yaliyotokea. Mamlaka ya Serikali Mtandao, iliyopewa nguvu kwa sheria ya mwaka 2019, inaweza kuwafungulia mlango bila kutoa siri za mtu yeyote. Na kampasi ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam mkoani Kagera, iliyomo katika mradi wa elimu ya juu ulioanza mwaka 2021, ingeweza kuanzia kwenye hesabu za kahawa zilizo jirani yake.