Dhahabu ya Obuasi haikupotelea shimoni

Sam Jonah alikulia Obuasi, mji wa Ghana unaoishi kwa dhahabu, na alianza kazi katika mgodi wa hapo akiwa kibarua wa chini ya ardhi. Baadaye alisomea uhandisi wa migodi Camborne, Uingereza, na mwaka 1986, akiwa na umri wa miaka 36, akakabidhiwa uongozi wa kampuni nzima ya Ashanti Goldfields. Kila panapojadiliwa kama Mwafrika anaweza kuendesha mgodi mkubwa, jina lake hutajwa, na ni haki yake. Tatizo ni kwamba tunapenda kuisimulia nusu ya kwanza ya kazi yake na kuishia hapo. Nusu ya pili inatuhusu zaidi sisi Watanzania, kwa sababu imepita Geita.

Hiyo nusu ya kwanza haina ubishi. Sehemu kubwa ya dhahabu ya Obuasi imefungwa ndani ya salfaidi zenye aseniki. Hata mbale zikisagwa zikawa unga, sayanaidi haiifikii. Kwa miaka mingi dawa ilikuwa kuzichoma tanuruni, na moshi wenye aseniki na salfa ukawaangukia watu, mashamba yao na maji yao. Mwaka 1994, chini ya Jonah, kampuni ilizindua mtambo wa uchenjuaji unaotumia bakteria wanaozila zile salfaidi hadi dhahabu ibaki wazi. Wakati huo ulikuwa mkubwa kuliko mitambo yote ya aina yake duniani. Mwaka huohuo hisa za Ashanti ziliingia katika masoko ya London na Accra, na mwaka 1996 zikafika New York, jambo ambalo hakuna kampuni ya uzalishaji ya Afrika iliyokuwa imelifanya kabla yake. Mwaka huo pia iliinunua kampuni ya Cluff Resources, na pamoja nayo ikapata eneo la dhahabu la Geita.

Pigo lilitoka kwenye mikataba. Bei ya dhahabu ilikuwa ikishuka, na Ashanti, kama kampuni nyingi, ilijikinga kwa kuahidi kuuza kwa bei iliyopangwa mapema dhahabu ambayo bado haijachimbwa. Tarehe 26 Septemba 1999 benki kuu za Ulaya zikatangaza kwamba zitaweka kikomo cha kuuza akiba zao za dhahabu. Katika siku chache bei ikaruka kutoka kama dola 270 kwa wakia hadi zaidi ya dola 320. Mchimbaji wa kawaida angeshangilia. Kwa Ashanti, mikataba ambayo mwezi Juni ilikuwa na faida ya karibu dola milioni 290 iligeuka hasara ya karibu dola milioni 570, na mabenki yakataka dhamana ya fedha taslimu. Dhahabu ilikuwa palepale mwambani, wafanyakazi wakiendelea kushuka shimoni kila zamu. Mwaka 2000 nusu ya Geita iliuzwa kwa AngloGold ya Afrika Kusini, na mwaka 2004 Ashanti yenyewe ikamezwa katika muungano na kampuni hiyohiyo.

Wapo watakaosema hapa ndipo Mwafrika alipoonyesha kikomo chake. Hoja hiyo haina mguu wa kusimamia: Cambior ya Kanada iliingia katika shimo lilelile Oktoba hiyohiyo, na hakuna aliyehoji uwezo wa Wakanada. Hoja nzito zaidi ni kwamba bila mikataba ya namna hiyo wakopeshaji wasingetoa fedha za kujenga migodi mipya. Ni kweli, na kinga ya kiasi si dhambi. Lakini kinga hupimwa kwa yale itakayokudai mambo yakigeuka, na ya Ashanti ilikuwa imekua kupita uwezo wake wa kuweka dhamana. Mwingine atasema kwamba serikali yenye hisa ingezuia yote hayo. Serikali ya Ghana ilikuwa nazo, tena pamoja na hisa maalumu yenye kura ya turufu. Kura hiyo iliweza kumkatalia mnunuzi, ila haikuweza kuyalipa mabenki.

Tangu mwaka 2017 sheria yetu inaipa serikali hisa zisizopungua asilimia 16 katika kampuni za uchimbaji. Naiunga mkono sheria hiyo kwa moyo wote. Hata hivyo, hisa zinahitaji mtu wa kuzisimamia, anayeweza kusoma mkataba wa mkopo, akaona ni wapi bei ikipanda kampuni inaumia, na akasema hapana kabla saini haijawekwa. Vyuo vyetu vinafundisha uhandisi wa migodi na uchenjuaji, na vijana wanaotoka huko wanaumudu mwamba. Wafundishwe pia masoko ya madini, mikopo na dhamana kama masomo ya lazima, kwa uzito uleule wa jiolojia. Na Bunge, kila linapopokea taarifa ya gawio la serikali kutoka migodini, liulize pia kampuni hizo zimeahidi kuuza wakia ngapi ambazo bado ziko chini ya ardhi, na kwa bei gani.