Mashauri ya Kazi: Motokaa Kuukuu Iliyopungukiwa na Nguvu



Mwezi huu twataka kusema nanyi juu ya jambo ambalo limewatia hasara watu wengi katika nchi yetu ya Mpanda na Katavi yote, nalo ni motokaa kuukuu ambayo nguvu zake zimepungua. Asiye na motokaa asiseme, "Neno hili si langu." Maana vijijini kwetu motokaa ni mali ya mtu mmoja, lakini kazi yake ni ya watu wote. Ndiyo ichukuayo mpunga wa Mpimbwe kwenda sokoni, ndiyo ichukuayo mgonjwa usiku, ndiyo irudishayo maiti kwao. Ikishindwa hiyo, wameshindwa wengi.

Kwanza tuwasimulie habari tuliyoiona kwa macho yetu. Mama mmoja mjane, mkaa wa Mpimbwe, aliachiwa na marehemu mumewe motokaa ya Toyota Land Cruiser ya dizeli, yenye injini ya silinda 6, ya namna ile iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990. Mwanawe wa kwanza ndiye aliyeiendesha, na kwa kazi yake wadogo zake watatu walisoma. Kiangazi kilichopita tulipanda ndani yake kwenda Sumbawanga. Nyuma palikuwa na magunia ya mchele, na juu ya godoro alilala binti wa jirani aliyevunjika mguu, pamoja na mama yake.

Katika nchi tambarare hatukuona neno. Lakini tulipoanza kupanda Lyamba lya Mfipa, mwendo ulipungua. Kijana akaingiza gia ya tatu, kisha ya pili, kisha ya kwanza. Mwisho motokaa ikasimama kabisa, hali mguu wake umekanyaga mafuta hata chini. Wanaume tukashuka mbio, tukaweka mawe nyuma ya magurudumu. Tukakaa kadiri ya nusu saa. Injini ilipowashwa tena, motokaa ikapanda kana kwamba haikuugua kamwe. Lakini baada ya mwendo mfupi ikalegea vile vile. Hivyo tulikwenda na kusimama, kwenda na kusimama, hata tukafika usiku. Yule binti hakulia sana, bali kila motokaa iliposhtuka alimshika mama yake mkono, nasi tuliona aibu kumtazama.

Asubuhi yake akaitwa fundi mmoja. Akasikiliza injini ikinguruma, wala hakufungua hata kifuniko kimoja, akasema, "Injini imechoka. Pistoni zimekwisha. Lazima tuishushe." Akataja gharama yake. Tuliporudi Mpimbwe, yule mjane aliposikia, akanyamaza kitambo, akahesabu ng'ombe zake kwa vidole, kisha akatuuliza, "Ndugu zangu, niuze?" Tukamjibu, "Mama, subiri siku mbili. Kwanza tuiulize motokaa yenyewe."

Na hivi ndivyo iulizwavyo.

Injini ya dizeli yataka mambo manne tu. Hewa iingie tele. Mafuta yaingie kwa kipimo na kwa wakati wake. Hewa ikandamizwe sana. Na moshi upate njia ya kutoka. Rudolf Diesel, Mjerumani ambaye injini yake ilipimwa na kufaulu mjini Augsburg mwaka 1897, hakutia cheche ndani yake. Hewa hukandamizwa hata ikawa na joto kali, na mafuta yakirushwa humo huwaka yenyewe. Katika injini ya mjane wetu hewa hukandamizwa zaidi ya mara 22. Likipungua moja katika hayo manne, nguvu hupungua. Basi kazi ya mtu mwenye akili ni kutafuta lipi limepungua, akianza na lililo rahisi na lisilo na gharama, na kumaliza na lililo gumu.

Kabla ya kushika chombo chochote, uliza maswali. Udhaifu ulianza ghafula au kidogo kidogo? Huonekana siku zote, au mlimani tu, au baada ya mwendo mrefu? Ulianza baada ya jambo gani: kutia mafuta mahali pageni, kuvuka maji, au kutengenezwa kitu kingine? Pistoni hazizeeki kwa siku moja. Jambo lililoanza ghafula lina sababu ya ghafula.

Kisha hakikisha kwamba kosa ni la injini. Mara nyingi injini ni nzima, lakini nguvu zake hazifiki chini. Breki iliyoshika huvuta motokaa nyuma kama kamba. Baada ya safari sogeza kiganja karibu na kila gurudumu, bila kugusa chuma; lililo na joto kupita wenzake ndilo lenye kosa. Tazama na upepo wa magurudumu. Klachi nayo ikiwa imekwisha, injini hupiga kelele na kuzunguka upesi, lakini mwendo hauongezeki, na harufu ya kuungua husikika. Tena, injini ikiwa imezimwa, mtu mmoja akanyage mafuta mpaka mwisho, na mwenziwe atazame kwenye pampu kama mkono wake wafika mwisho. Waya ulionyooka au zulia lililokunjamana chini ya kikanyagio limewatoza watu fedha nyingi bure.

Ikiwa hayo yote ni mema, uende kwenye hewa. Nchi yetu wakati wa kiangazi ina vumbi jingi. Siku hizi lami imetandazwa sehemu kubwa ya njia ya Mpanda na Sumbawanga, lakini njia za kuingilia vijijini ni za udongo, na motokaa ifuatayo nyingine hula vumbi kama unga. Fungua chujio la hewa, utie taa ndani yake mahali penye giza. Mwanga usipopenya, injini inakosa pumzi. Chujio la karatasi hupulizwa kwa upepo toka ndani kwenda nje, wala halioshwi kwa petroli, likichanika litupwe. Na mtu asithubutu kulitoa akaendesha bila hilo ili apate nguvu, maana vumbi litasaga silinda na ringi, na hapo ndipo injini itakapochoka kweli. Tazama pia bomba la kuvutia hewa. Nyigu hupenda kujenga humo.

Moshi nao ni shahidi. Moshi mweusi mwingi wasema, "Mafuta yamezidi hewa": chujio limeziba, au nozeli zavuja badala ya kunyunyiza. Moshi wa rangi ya buluu wasema, "Naunguza oili." Moshi mweupe usiokoma injini ikiwa imepata joto wasema kwamba mafuta hayaungui vema, au maji ya rejeta yaingia katika silinda. Lakini motokaa isiyotoa moshi, na bado haina nguvu, mara nyingi inasema, "Nina njaa." Yaani mafuta hayaifikii.

Motokaa ya mjane haikutoa moshi mweusi, wala wa buluu, wala mweupe. Zaidi ya hayo, ilipopumzika ilipona. Tukajiuliza: pistoni iliyokwisha hupona kwa kupumzika nusu saa? La. Ringi iliyolika hujiponya? La. Basi kuna kitu kinachoziba njia wakati mafuta yavutwapo kwa nguvu, nacho huachia yasipovutwa.

Tukaanza nyuma kwenda mbele. Kwanza kifuniko cha tangi. Kifuniko hicho yapasa kivute hewa kidogo, ili mahali pa mafuta yaliyotumika pajazwe. Kikiziba, tangi hunyonyeka na mafuta hukataa kuja. Tukakilegeza baada ya mwendo mrefu, tukasikiliza. Hakikupiga mluzi, wala nguvu hazikurudi. Kosa halikuwa hapo. Tukafungua chini ya chujio la mafuta, yakatoka maji kidogo na utando mweusi kidogo. Utando huo ni viumbe vidogo sana vinavyokua mahali maji na dizeli vinapokutana. Ndiyo sababu twasema maji yasiachwe kukaa tangini. Tukatia chujio jipya, tukatoa hewa katika mabomba, tukajaribu. Ikawa na nafuu, lakini haikupona.

Ndipo tukafanya jaribio ambalo twawasihi msilisahau. Tulitwaa dumu safi, tukalitia dizeli iliyochujwa, tukalifunga imara mbali na bomba la moshi, tukauchomoa mpira utokao tangini, na mahali pake tukaweka mpira mwingine unaovuta katika dumu lile. Mpira wa kurudisha mafuta nao tukauingiza humo humo, kwa kuwa mafuta yanayozidi hurudi, na kama hayakurudi dumuni yangeliisha upesi. Jambo hili hufanywa kwa dizeli peke yake. Kwa petroli mtu asilijaribu, maana huwaka moto kwa upesi na kuua watu.

Tukapakia magunia yale yale kwa hesabu ile ile, tukarudi Lyamba lya Mfipa. Kijana akakanyaga mafuta. Motokaa ikapanda gia ya pili bila kusita hata juu kabisa. Tulipofika, kijana akazima injini, akakaa kimya, mikono yake ikiwa bado juu ya usukani. Kisha akasema, "Kumbe baba aliniachia kitu kizima."

Injini ilikuwa imejishuhudia. Kosa lilikuwa tangini. Tuliposhusha tangi na kulimwaga, tuliona kipande cha nailoni kipana kama kiganja. Ninyi nyote mwakijua. Watu wauzao mafuta kwa madumu hukiweka chini ya kifuniko ili dumu lisivuje. Kimoja kilianguka wakati wa kumimina, kikaelea humo ndani. Mafuta yalipovutwa sana mlimani, kilinyonywa kikaziba mdomo wa bomba. Injini ilipozimwa, kikaachia. Hicho ndicho kilichotaka kula ng'ombe za mjane. Gharama yake yote ilikuwa chujio moja, mipira miwili, na kazi ya siku mbili.

Hatusemi kwamba injini haichoki. Huchoka. Ikiwa hewa ni tele, mafuta ni safi, bomba la moshi halikubonyea wala kuziba, na bado nguvu hakuna, hapo fundi atazame nafasi za valvu, wakati wa pampu, na nozeli. Kisha apime mkandamizo wa kila silinda kwa kipimo chake, akuonyeshe hesabu. Fundi mwema hachukii kuulizwa, "Umepima nini?" Injini isishushwe kabla ya kupimwa, kama vile mgonjwa hapasuliwi kabla ya kuchunguzwa. Kwa motokaa kuukuu za petroli, kama Land Rover zile za zamani, njia ni ile ile, illa huongezwa plagi, cheche na kabureta.

Neno moja tena. Motokaa isiyo na turbo hupoteza kadiri ya sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda, kwa kuwa hewa ya juu ni nyepesi. Ziwa Tanganyika liko kadiri ya mita 770 juu ya bahari, mji wa Mpanda kadiri ya 1,100, na Sumbawanga kadiri ya 1,800. Basi mtu wa Karema akifika Ufipa, asishangae akiona motokaa yake imekuwa nzito kidogo. Huo si ugonjwa. Ni desturi ya milima.

Twawashauri basi mambo haya. Mafuta ya dumu yachujwe kwa kitambaa safi kisicho na nyuzi zinazotoka. Maji yatolewe chini ya chujio mara kwa mara, hasa wakati wa masika. Wakati wa kiangazi chujio la hewa litazamwe kila juma. Na wale wapitao katika hifadhi ya Katavi, kati ya Sitalike na Kibaoni, wasiingie humo na motokaa iliyokwisha kuonyesha udhaifu. Humo kuna tembo, nyati na simba, na si mahali pa kushuka kuweka mawe nyuma ya magurudumu.

Yule binti sasa anatembea. Ng'ombe za mjane zingali zizini, na mwaka huu zilimlimia shamba. Tulipopita kwake kumwamkia alitucheka, akasema kwamba kile kipande cha nailoni amekipigilia ukutani juu ya mlango, ili kila fundi aingiaye akione kwanza kabla hajasema neno.

Haraka haraka haina baraka. Kaeni salama mpaka mwezi ujao.