Hata mfuko wa kuoza unataka pipa

Pita Daraja Mbili, mjini Kisii, siku ya soko, mvua ya alasiri ikishaanuka, utazame mtaro. Utaona maganda ya ndizi, majani ya kabeji, na katikati yake zile juala nyepesi zinazoonyesha ndani, ambazo mama mboga hufunga fundo akishamkatia mteja mboga ya chinsaga. Mifuko hiyo ilipigwa marufuku nchini Kenya tarehe 28 Agosti 2017. Adhabu yake hufika faini ya shilingi milioni 4 au kifungo cha miaka 4. Bado ipo. Huvushwa mipakani kimagendo, na anayekimbizwa na askari ni mama mboga, si anayemuuzia kwa jumla.

Sasa tunaambiwa dawa ni mfuko unaooza. Aprili 2024 NEMA, mamlaka ya mazingira ya Kenya, iliagiza taka za jikoni na sokoni zitiwe katika mifuko inayooza kabisa, ikatoa siku 90. Nia ni njema. Lakini plastiki nyingi za aina hiyo hutaka joto la nyuzi karibu 60, unyevu na hewa, kwa majuma kadhaa, yaani mtambo wa mboji. Mtaro wa Kisii hauna joto hilo, wala mto Nyakomisaro. Kuna na zile zilizotiwa kemikali ili zipasuke juani: hizo haziozi, humeguka tu vipande visivyoonekana, na maji yetu yote, ya Gucha na ya Sondu, huishia Ziwa Victoria. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku plastiki hizo zenye kemikali kuanzia Julai 2021.

UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa lenye makao pale Gigiri, Nairobi, lilionya mwaka 2015 kwamba ukimwambia mtu mfuko huu unaoza, huenda ukampa sababu ya kuutupa ovyo. Mtu huyo tunamjua. Ndiye anayerusha ganda la ndizi kutoka dirisha la matatu na kusema litaoza.

Kinachotukera zaidi ni kwamba kwetu mfuko wenyewe si wa lazima. Sehemu kubwa ya taka za soko la Kebirigo au Suneka ni mikungu mitupu, maganda na mboga zilizonyauka. Hiyo ni mbolea. Na mashamba yetu yamegawanywa baba kwa mwana mpaka yamekuwa vipande, udongo umechoka, mkulima ananunua mbolea ya dukani kila msimu. Taka hizo zikizolewa kwa ndoo na gunia, kabla hazijachanganyika na chupa na nepi, wakulima watazifuata wenyewe. Sheria ya taka ya 2022 tayari inaagiza zitenganishwe, na kazi ya kuzizoa ni ya kaunti.

Keroka ndiyo kipimo. Mji huo umelalia mpaka, na kaunti za Kisii na Nyamira zimewahi kuvutana juu ya nani atoze ushuru sokoni. Hatujasikia zikivutana juu ya nani azoe taka. Basi zianzie hapo, siku moja tu ya soko: pipa la vinavyooza, pipa la visivyooza, na lori linalofika kabla ya mvua.