Paa la Asbestosi: Tusijidhuru, Tusidhuru Wenzetu

Shule na nyumba nyingi za zamani ziliezekwa kwa asbestosi. Hatari ya bati lake ni kubwa zaidi linapovunjwa, kukatwa au kuchakaa. Vumbi lisiloonekana huingia mapafuni, na saratani huweza kujitokeza baada ya miaka 20 hadi 40. Basi tusiokote vipande vyake kujengea mabanda ya kuku, wala tusivifagie vikavu. Kuliondoa paa ni kazi ya wataalamu wenye vifaa vya kinga. Gharama ni kubwa, lakini tuchange. Dini inatufunza kuondoa njiani chenye kudhuru. Kukitupa jalalani wanapocheza watoto wa jirani si kukiondoa.