Mahakama ya Wananchi Isifichwe Mtandaoni



Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Wahenga wetu hawakuongeza kwamba apewe haki hiyo iwapo tu ana simu ya kisasa na bando la kutosha. Sharti hilo lililetwa na janga la korona, na sisi watu wa Gikomba, Majengo na Shauri Moyo hatuna budi kulipinga.

Tutoe heshima kwanza panapostahili. Kisa cha kwanza cha korona nchini kilitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye, Jaji Mkuu wa wakati huo, David Maraga, alitangaza kupunguzwa kwa shughuli za mahakama. Kesi nyingi ziliahirishwa, mahabusu hawakuletwa tena mahakamani, na hukumu zikaanza kutolewa kwa barua pepe na kwa video. Tarehe 1 Julai, kesi za Nairobi zikaanza kusajiliwa mtandaoni, utaratibu ambao mwaka 2024 ulienezwa nchi nzima. Kuondoa msongamano katika mahakama za Makadara na Milimani kulikuwa jambo la busara, na hatulilaumu.

Lakini mlango ulipofungwa, nani alibaki nje? Mawakili wenye ofisi na kompyuta tuliendelea na kazi. Mchuuzi wa Gikomba hakuweza. Mwezi huo huo wa Machi serikali ilipiga marufuku uingizaji wa mitumba, na marufuku hiyo haikuondolewa hadi Agosti. Bila marobota hakuna mauzo, wala kazi ya mkokoteni, wala ya fundi wa cherehani. Mtu aliyekosa pesa za unga angelipaje saiba ili amshtaki mwenye nyumba aliyemtupia vyombo nje?

Na ni wakati huo hasa alipoihitaji mahakama. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi. Wapo waliokamatwa kwa kuivunja wakatiwa karantini kwa nguvu, bila kuhukumiwa na hakimu yeyote, kana kwamba karantini ni kifungo. Tarehe 30 Machi, mtoto wa miaka 13 alipigwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya kwao Kiamaiko, akafa. Tarehe 16 Aprili, katika kesi iliyoletwa na Chama cha Mawakili, Jaji Weldon Korir aliamua kwamba kafyu ni halali, lakini ukatili wa polisi katika kuitekeleza ni kinyume cha Katiba. Huo ulikuwa uamuzi wa kishujaa. Hata hivyo, tarehe 4 Mei tingatinga zilibomoa nyumba za Kariobangi ijapokuwa mahakama ilikuwa imetoa amri ya kuzuia. Maelfu ya watu waliachwa bila makao katikati ya janga.

Dola huona wepesi kuidharau mahakama ambayo umma hauioni. Wazee wetu walilijua hilo. Mwaka 1986 na 1987, washtakiwa wa Mwakenya walifikishwa mahakamani jioni, watu wakiwa wamekwenda nyumbani, bila wakili wa kuwatetea. Waliokwenda Kamukunji tarehe 7 Julai 1990, hatua chache kutoka soko hili, walipigwa kwa sababu walidai serikali inayotenda mambo yake mbele ya watu.

Ndiyo maana Katiba ya 2010, katika Kifungu cha 50, inataka kesi isikilizwe hadharani. Kifungu cha 48 kinakataza ada iwe kizuizi cha haki. Kifungu cha 25 kinasema haki ya kusikilizwa kwa usawa haiwezi kupunguzwa, wala hakitaji maradhi kuwa udhuru. Waumini nao wanajua kwamba wazee wa Israeli waliamua kesi langoni mwa mji, kila mpita njia akisikia.

Kwa hivyo tunadai: kila kesi ya mtandaoni iwe na chumba cha wazi ambamo umma utaifuatilia, asiye na simu asajiliwe kesi na karani masijalani bila malipo ya ziada, na mshtakiwa wa jinai awe na hiari ya kusimama ana kwa ana mbele ya hakimu.

Makanisa yenye kumbi na umeme yafungue milango siku za kesi zinazogusa mitaa yetu. Wanaharakati, nendeni Makadara mkaketi na kusikiliza. Janga lijalo halitapiga hodi. Kanuni za kulikabili ziandikwe sasa, na ziandikwe mbele yetu.