Safari ya Siku Tatu na Mwenye Kuilipa



Mwezi huu twapenda kuzungumza na wasomaji wetu juu ya jambo lionekanalo dogo, nalo ni safari fupi: mtu kuwachukua mkewe na watoto wake kwa siku mbili tatu, kwenda kuuona mji wasioujua, kisha kurudi nyumbani. Wako wasemao kuwa hayo ni mambo ya matajiri. Sisi hatusemi hivyo. Mwenyezi Mungu (S.W.T.) katika Qur'ani amewahimiza waja wake zaidi ya mara moja watembee katika ardhi na watazame, wala hakuwahusu wenye mali peke yao. Mtoto aliyelelewa Dar es Salaam miaka kumi na mitano, na Unguja akaijua kwa jina tu, ana haki ya kuonyeshwa.

Mwenye mfuko mdogo akitaka kusafiri, swali lake la kwanza huwa: je, safari hii yaweza kuwa rahisi kiasi gani? Swali hilo ni jema, lakini liko jingine la kulitangulia, nalo ni hili: urahisi huo, nani anaulipa? Mimi nililijua swali hilo kwa aibu, na nitawahadithia yalivyokuwa.

Miaka kadhaa iliyopita niliwachukua mke wangu na watoto wanne, tukavuka bahari kutoka Dar es Salaam hadi Unguja wakati wa likizo ya skuli. Fedha zilikuwa chache, nami nikajisifu kuwa nimepata hila: tutatoa nauli tu, maana malazi na chakula tutavipata kwa shangazi yangu, mjane aliyekuwa akikaa Miembeni. Tulikusudia siku tatu, tukakaa sita. Kila asubuhi tulikuta chai, mandazi na maharage. Kila mchana wali kwa mchuzi wa samaki. Na jioni tukatoka kwenda Forodhani kupunga upepo. Nikawa namwambia mke wangu, "Umeona? Safari nzima haikutugharimu kitu." Yeye akanyamaza.

Siku ya sita nilikwenda duka la mtaani kununua sabuni. Shangazi alikuwa mbele yangu, amenipa mgongo, hakuniona. Nikamsikia mwenye duka akimwambia kwa upole, "Bi Mkubwa, ukurasa wako safari hii umejaa. Kwani mna harusi huko ndani?" Shangazi akacheka, akamjibu, "Hakuna harusi, mwanangu. Nimejiwa na wanangu kutoka bara. Wewe andika tu, Mungu ataleta."

Nilirudi nyuma kama mwizi. Jioni ile nilimwendea yule mwenye duka, nikampa nilichokuwa nacho, nacho hakikufika nusu ya deni. Kilichobaki nilikipeleka mwezi uliofuata. Shangazi alipopata khabari alinikasirikia sana, akaniambia, "Wataka kunivunjia heshima? Mgeni wa damu hahesabiwi." Sikuwa na jawabu. Yeye alikuwa ametimiza wema wake, na mimi nilikuwa nimepuuza wajibu wangu. Na usiku ule ndipo mke wangu alipofungua kinywa, akanieleza kuwa tangu siku ya pili alikuwa akiamka na shangazi saa kumi ya alfajiri kukanda unga wa mandazi, na kwamba katika siku sita zile hajapumzika hata moja.

Basi safari ambayo mimi niliiita ya bure ilikuwa imelipwa na watu wawili, na kila mmoja wao alilipa kimya.

Katika safari za watu wenye kipato kidogo, walipaji wasioonekana huwa watatu. Wa kwanza ni mwenyeji. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha kuwa haki ya mgeni ni siku tatu, na yazidiyo hapo ni sadaka, tena akamkataza mgeni kukaa mpaka akamtia mwenyeji wake katika dhiki. Wengi wetu twaihifadhi sehemu ya kwanza ya mafunzo hayo, ya pili tukaisahau. Wazee wetu nao wamesema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe.

Wa pili ni mkopeshaji. Mtu hukopa ili awaonyeshe majirani kuwa na yeye amesafiri, kisha safari ikaisha kwa siku tatu na deni likakaa miezi kumi. Wala deni si jambo jepesi katika dini yetu, kwani tumefundishwa kuwa hata shahidi husamehewa makosa yake yote isipokuwa deni. Safari ya kupumzika si dharura. Kama fedha hazijatosha mwaka huu, na ingojewe mwaka ujao.

Wa tatu ni mke. Baba husema, "Twende tukapumzike," kumbe anayepumzika ni yeye peke yake. Mama amehama jiko tu. Bibi Aisha (R.A.) alipoulizwa juu ya maisha ya Mtume (S.A.W.) nyumbani, alieleza kuwa alikuwa akiwahudumia watu wa nyumba yake mpaka ufike wakati wa sala. Basi aona haya gani mwanamume kuosha vikombe akiwa safarini?

Mtu ataniuliza: ikiwa hatumlemei jamaa, hatukopi, wala hatumchoshi mama, safari yenyewe itafanyikaje? Itafanyika kwa mambo manne.

Kwanza ni akiba na shauri. Baba na mama wakae pamoja na watoto wakubwa, wakubaliane wanakokwenda na kiasi watakachotumia. Nyumba iwekayo shilingi 2,000 kila siku kwa siku 180 itakuwa na shilingi 360,000. Nauli ya kwenda na kurudi itengwe kwanza, isiguswe, kisha malazi, kisha chakula, na sehemu kidogo iwekwe kando kwa ajili ya maradhi au kuchelewa. Kinachobaki baada ya hayo ndicho cha matembezi, na kama hakikubaki kitu, si hasara, kwani tutaona hapa chini kuwa mambo mengi mazuri ya mji hayalipiwi.

La pili ni wakati na chombo. Malazi ya Unguja hupungua bei wakati wa masika, Machi hadi Mei, wageni wa nje wanapokuwa wachache. Hupanda sana mwisho wa mwaka. Ikiwa likizo fupi ya watoto yaangukia siku za masika, mwavuli ni rahisi kuliko chumba cha Desemba. Tikiti ikanunuliwe dirishani, si kwa wapiga debe wa bandarini, na kila mtu mzima achukue kitambulisho chake, maana nauli ya mwananchi si sawa na ya mgeni wa nje. Lakini usibane fedha katika usalama wa roho. Tunakumbuka MV Spice Islander iliyozama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, imepakia kupita kiasi, na MV Skagit iliyozama 18 Julai 2012 ikitoka Dar es Salaam kwenda Unguja. Mamia ya watu walipotea. Chombo ukikiona kimejaa kupita kiasi, au bahari imechafuka kwa upepo wa kusi, ngoja. Kulala usiku mmoja zaidi ni gharama, lakini ni gharama inayolipika.

Hapa pia tutaje sala, kwani watu wengi hukasiri kwa mazoea tu, kwa sababu wamevuka bahari. Kwa madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo wengi wetu wa pwani twayafuata, masafa ya kukasiri ni marhala mbili, nayo maulamaa wengi wameyakadiria kuwa zaidi ya kilomita 80. Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni kilomita 70 na kitu. Basi mwulize shehe wako kabla ya kuondoka, usije ukapunguza sala pasipo ruhusa.

La tatu ni malazi. Kama fedha zinafika, tafuta nyumba ya wageni ya kawaida mitaa ya Ng'ambo, si kule wanakokaa watalii. Chumba kikiwa safi, kina maji ya kutawadha na mlango wake una kufuli, kimetosha. Kama hazifiki, na jamaa amekukaribisha kwa moyo, basi mpe khabari mapema, taja siku utakayoondoka na uondoke siku hiyo hiyo. Ingia na mchele, unga na mafuta yako mkononi. Usimpe mwenyeji fedha mbele ya watu ukamfedhehesha. Nenda sokoni mwenyewe, urudi na kapu. Na watoto wako wachukue mikeka na mashuka yao, ili watoto wa mwenye nyumba wasihamishwe vitandani mwao.

La nne ni matembezi yenyewe. Mji Mkongwe, uliotiwa mwaka 2000 katika orodha ya UNESCO ya urithi wa dunia, ni mji wa kutembea kwa miguu. Vichochoro vyake vingi gari haipiti, na toka bandarini Malindi waweza kuufikia wote bila ya kulipa nauli ya gari. Ukikutana na papasi, mshukuru na umwambie kuwa njia unaijua. Asubuhi nendeni soko la Darajani, lililojengwa 1904, mnunue matunda ya siku nzima. Waonyesheni watoto Ngome Kongwe, na Beit al-Ajaib aliyoijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka 25 Desemba 2020. Kuitazama kwa nje hakutozwi kitu, na ni darsa ya kutosha juu ya kupita kwa ufalme. Piteni Ukutani, alipokuwa akisomesha Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu aliyefariki 1925, mwambieni kijana wenu kuwa watu walisafiri kwa majahazi kuja kutafuta elimu katika mji huu. Salini Malindi, penye msikiti wa mnara wa duara uliochongoka juu. Jioni, Forodhani, ulizeni bei kabla ya kuketi. Na urojo wa mtaani huwa rahisi zaidi, wala haupungui utamu.

Pako mahali pamoja ambapo nawaomba wazazi wasipapite haraka, napo ni Mkunazini. Hapo ndipo lilipokuwapo soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba aliouwekea saini Sayyid Barghash na Waingereza, na juu ya kiwanja chake likajengwa kanisa la Kianglikana. Utumwa wenyewe haukuondolewa kisheria mpaka 1897. Wala tusiwafiche watoto kuwa miongoni mwa wauzaji na wanunuzi walikuwamo Waislamu. Mashamba ya karafuu na fahari nyingi za mji ule zilisimama kwa jasho la watu wasiolipwa, na hali dini yetu imetuamrisha mfanyakazi apewe ujira wake kabla jasho halijakauka. Mtoto akisimama pale akauliza, "Baba, majumba haya mazuri nani aliyeyalipa?" mjibu kweli. Akilijua swali hilo mbele ya majumba ya wakubwa, ataweza pia kuliuliza mbele ya sahani ya wali aliyoandaliwa na shangazi yake.

Mwaka uliofuata baada ya fedheha yangu tulikwenda tena Unguja, siku tatu tu, tukalala katika nyumba ya wageni yenye vitanda viwili na feni moja. Kwa shangazi tulikwenda mchana mmoja, tukachukua mchele na kuku wetu, na watoto wakasuuza vyombo. Alininunia kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, kisha akaniita ndani akanionyesha picha za marehemu baba yangu akiwa kijana, picha ambazo mwaka wa kwanza, katika siku zote sita, hakupata nafasi ya kuzitoa sandukuni. Alikuwa jikoni.

Mwenyezi Mungu, katika Suratul Furqan, aya ya 67, amewasifu waja wake ambao watumiapo mali hawafanyi israfu wala hawafanyi ubakhili, bali hushika njia ya kati ya hayo mawili. Ndugu msomaji, unapohesabu safari yako, ihesabu hivyo. Na ukiona kuwa yako imekuwa nyepesi mno, geuka utazame nyuma, usije ukakuta mzigo wako umebebwa na mwenzio.

Wabillahi tawfiq.