Mwanahistoria Aliyeandika Riwaya

Mwalimu wa historia hapa Kerege, kando ya barabara iendayo Bagamoyo, akitaka kueleza maisha ya pwani ya kale hana budi kumtaja Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903. Lakini yuko Mtanzania mwingine aliyefanya kazi ya namna hiyo, ambaye walimu wa historia wamewaachia wenzao wa Kiswahili. Huyo ni Aniceti Kitereza wa Ukerewe.

Kitereza alizaliwa mwaka 1896, akalelewa katika nyumba ya mtawala wa kisiwa hicho, kisha akasoma Seminari ya Rubya. Aliandika habari za watawala wa Ukerewe, na angeweza kuishia hapo. Lakini orodha ya watawala haisemi mtu wa kawaida alivuaje samaki, alitibiwaje, wala aliwaombaje radhi wakwe zake. Hayo aliyatia katika riwaya ya Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, mume na mke waliosimangwa na ndugu kwa kukosa mtoto. Wazazi wa mke wanamchukua binti yao; mume anakwenda kumwomba, naye anatozwa pombe ya ndizi. Katika utengenezaji wa pombe hiyo msomaji anajifunza uchumi, ujirani na sheria za wakati ule.

Wako wasemao kwamba kitabu kinachosha. Ni kweli, mimi mwenyewe niliwahi kuruka kurasa. Baadaye niligundua kwamba nilizoziruka ndizo zenye historia.

Linalouma ni kucheleweshwa kwake. Kitereza alimaliza muswada mwaka 1945, kwa Kikerewe, wala hakupatikana mchapishaji wa lugha hiyo. Ilimbidi, katika uzee wake, aufasiri mwenyewe kwa Kiswahili. Tanzania Publishing House ikauchapisha mwaka 1980, baada ya miaka 35. Mwaka 1981 alifariki, kabla nakala hazijamfikia mkononi.

Kwa hiyo nashauri kwamba sura ya wakwe na pombe isomwe katika kipindi cha historia, mwalimu wa Kiswahili akiwapo kusaidia maneno magumu. Kisha wanafunzi wa Kerege wawaulize wazee wao: huku kwetu mkwe alitozwa nini?